CD inalia kwenye trei moja tu: jibu kwa mwenye deki ya kurekodi CD

Swali: Shikamoo fundi. Nimeachiwa mashine ya CD ya nyumbani yenye trei mbili. Ya kushoto inapiga tu, ya kulia inapiga na kurekodi. Kitabu chake kimepotea. Nilinunua CD tupu za aina mbili. Zile za kwanza, za boksi kubwa, inazikataa kabisa. Za pili imezikubali, nikanakili CD moja nzima na ikalia vizuri kwenye trei hiyohiyo ya kulia. Nikiihamishia kushoto inasema hakuna diski, na redio ya gari nayo inasema hivyohivyo. Nia yangu hasa ni kaseti nne za marehemu baba akisimulia habari za ukoo. Nataka ziingie kwenye CD niwagawie ndugu zangu. Naogopa kuziharibu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. CD yako haijaharibika, na mashine yako ni nzima. Kilichobaki ni kuifunga hiyo CD. Irudishe kwenye trei ya kulia, subiri mpaka idadi ya nyimbo itokee kwenye kioo, kisha bonyeza kitufe kilichoandikwa FINALIZE. Kwenye rimoti huwa kipo, na mara nyingi kipo hata usoni mwa mashine. Deki nyingi hazianzi papo hapo. Zinaandika neno hilo kwenye kioo na kungoja uthibitishe, ama kwa kitufe cha kurekodi, ama cha kupiga, ama ENTER. Kila kiwanda kilichagua chake. Ukishathibitisha, muda utaanza kuhesabu kurudi nyuma. Hapo usiguse kitu.

Kinachofanyika ni hiki. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, kinyume cha santuri. Karibu kabisa na tundu la katikati pana orodha inayosema nyimbo ni ngapi na kila mmoja unaanzia wapi. Deki ya kawaida, ya gari au ya mezani, huitafuta orodha hiyo kwanza. Isipoiona huamua kwamba trei ni tupu. Sasa CD-R, yaani CD tupu ya kurekodiwa mara moja tu, ikiwa bado inarekodiwa haiwezi kuwa na orodha hiyo, kwa sababu mashine haijui utaongeza nyimbo ngapi. Kwa hiyo huandika kumbukumbu za muda ndani zaidi, kwenye eneo ambalo vinasa vya CD pekee ndivyo vinajua kulisoma. Ndiyo maana trei yako ya kulia inaiona CD na ya kushoto haiioni, ingawa zote zimo ndani ya boksi moja. Dalili hiyo uliyoitaja ilitosha kunionyesha tatizo bila kuiona mashine.

Kufunga CD ni kuandika orodha rasmi mwanzoni na eneo la kumalizia mwishoni. La mwanzo lina urefu wa dakika moja, la mwisho dakika moja na nusu, hivyo kwa kasi ya kawaida tegemea dakika mbili na nusu au zaidi kidogo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, hesabu kwamba huenda CD imekwenda na vilivyomo. Kama umeme wenu una tabia ya kukatika, fanya kazi hii saa ambazo huwa umetulia.

Na ukumbuke kwamba CD-R ikishafungwa imefungwa. Hata kama umetumia dakika 20 tu, nafasi iliyobaki huipati tena. Kabla ya hapo unaweza kurekodi leo wimbo mmoja, kesho mwingine, wiki ijayo wa tatu. CD-RW, ile CD tupu inayofutika, ina unafuu: unaweza kuifungua tena, kufuta wimbo wa mwisho, au kuifuta yote kwa kitufe cha ERASE. Ila ina kasoro yake. Hurudisha mwanga wa leza asilimia 15 hadi 25 hivi, wakati CD ya dukani hurudisha 70 au zaidi, kwa hiyo deki nyingi za zamani haziioni hata ikifungwa vizuri. Ya kugawia watu iwe CD-R.

Tuje kwenye zile CD zilizokataliwa. Hizo ni CD za kompyuta. Deki ya nyumbani hudai CD-R za muziki, zenye maneno Digital Audio chini ya ile alama ya Compact Disc, na mara nyingi kwenye karatasi yake imeandikwa Music au For Music Use Only. Ukizitazama kwa macho hazina tofauti, na kwa ubora wa sauti nazo hazina tofauti ya kuizungumzia. Tofauti ni namba iliyochongwa kiwandani kwenye mfereji wa diski, ambayo leza huisoma mara trei inapofungwa. Chanzo chake ni sheria. Mwaka 1992 Marekani ilipitisha sheria ya kurekodi sauti majumbani, ikaweka tozo ya asilimia 2 kwenye mashine za kurekodi kidijitali na asilimia 3 kwenye diski tupu, fedha ziende kwa wenye muziki. CD ya muziki imelipiwa, ya kompyuta haikulipiwa, na mashine ikafundishwa kuzitofautisha. Viwanda vikatengeneza mashine za aina hiyohiyo kwa ajili ya nchi nyingine pia. Vinasa vya studio havina kizuizi hicho. Hivyo hula CD yoyote.

Utasikia watu wakisimulia ujanja wa kuweka kwanza CD ya muziki, mashine ikiisoma na kuikubali, halafu kuibadilisha kwa CD ya kompyuta kwa kulazimisha trei. Kwenye baadhi ya mashine za zamani uliwahi kufanya kazi. Siupendi. Mashine hizi hazitengenezwi tena kwa wingi, na gia ya plastiki ya trei ikivunjika utaitafuta mpaka uchoke. Tafuta CD sahihi, za dakika 74 au 80. Za dakika 90 au 99 ziache. Ukinunua CD-RW, epuka zilizoandikwa High Speed au Ultra Speed, maana kinasa cha kasi ndogo hakiwezi kuziandika.

Kaseti za mzee sasa. Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu kunakili CD kwa CD mashine inajifanyia yenyewe, lakini kutoka kwenye kaseti kila uamuzi ni wako, na unaufanya kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. CD-R haifutiki.

Kabla ya lolote, geuza kila kaseti utazame ukingo wake wa juu, ule ulio upande wa pili na mahali utepe unapoonekana. Kuna vijino viwili vya plastiki, kila kimoja pembeni. Kama bado vipo, vivunje vyote viwili kwa bisibisi ndogo. Kijino kikiwa hakipo, deki ya kaseti haiwezi kurekodi juu ya sauti ya mzee hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu. Ulisema unaogopa kuziharibu. Hii ndiyo kinga ya kwanza, na inachukua sekunde chache.

Kisha safisha deki ya kaseti. Pamba kidogo, spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, pitisha kwenye vichwa vya kusomea mpaka pamba itoke safi, acha ikauke. Kichwa chenye uchafu wa kahawia hufanya sauti iwe nzito kama mtu anaongea nyuma ya blanketi. Kaseti iliyokaa miaka bila kupigwa ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mwanzo kabla ya kuipiga, ili utepe ulegee na kujikunja upya sawasawa. Kama deki ina swichi ya Dolby, ile ya kupunguza mchakacho wa utepe, izime, isipokuwa una uhakika kaseti ilirekodiwa nayo. Zile zilizorekodiwa kwa redio kaseti ya kubeba karibu zote hazina, na ukiiwasha utapoteza makali ya sauti bure.

Waya: kutoka LINE OUT ya deki ya kaseti kwenda LINE IN au ANALOG IN ya kinasa chako, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Usichukue sauti kwenye matundu ya spika. Kama kaseti inapigwa kwa redio ndogo yenye tundu la hedifoni tu, tumia hilo kwa waya wa kugawanya, weka sauti katikati na uzime besi. Kwenye kinasa, chagua njia ya kuingizia iwe ANALOG. Ikibaki kwenye dijitali utarekodi ukimya mtupu.

Kiwango cha sauti ndicho kinachowashinda waliozoea kurekodi kwenye kaseti. Kwenye kaseti tulikuwa tunaisukuma sauti mpaka sindano iguse wekundu, kwa sababu utepe huvumilia, na sauti ndogo ilizama kwenye mchakacho. CD haivumilii. Juu ya sifuri ya kipimo hakuna kitu: wimbi linakatwa kichwa, na unasikia mkwaruzo ambao hakuna fundi wa kuuondoa. Wala huna haja ya kufika huko. CD ina nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa, na kaseti ya kawaida haifiki hata 60. Kwa hiyo weka kinasa kwenye hali ya kungoja kurekodi, yaani bonyeza REC bila kuanzisha. Taa za kipimo zitacheza na sauti utaisikia, lakini hakuna kinachoandikwa. Piga kaseti, tafuta mahali mzee anapocheka au anapopandisha sauti, kisha zungusha kitufe cha REC LEVEL mpaka kilele kifike kati ya -6 na -3. Sikiliza dakika kadhaa mahali tofauti. Kilichorekodiwa kwenye kaseti hizi ni kinywa cha binadamu, na mtu huongea taratibu dakika kumi halafu akapiga kofi mezani.

Halafu kuna mtego wa AUTO TRACK. Kinasa kikipokea sauti kwa waya za kawaida hakijui wimbo umeishia wapi, kwa hiyo husikilizia ukimya. Kikikutana na sekunde mbili tatu za kimya, kinafungua traki mpya. Kwa muziki hilo linasaidia. Kwa mzee anayesimulia ni balaa: atanyamaza kukumbuka jina la babu, mashine itakata, atakunywa chai, itakata tena. CD haipokei traki zaidi ya 99, na zikifika hapo kinasa kinaacha kurekodi, hata kama nafasi imebaki nusu. Weka MANUAL. Kisha wewe mwenyewe, ukiwa umekaa unasikiliza, bonyeza kitufe cha kuongeza traki kila habari inapobadilika: hapa kuzaliwa, hapa kuhama, hapa ugomvi wa mashamba. Traki iwe na urefu wa sekunde 4 au zaidi. Ndugu zako watakushukuru kwa namba hizo kuliko kwa usafi wa sauti.

Vilevile acha kurekodi kwa SYNC, ile inayoanza yenyewe ikisikia sauti. Huchelewa kidogo, na silabi ya kwanza humezwa. Anzisha kinasa kwanza, ndipo uanzishe kaseti. Sekunde chache za mchakacho mwanzoni hazimsumbui mtu.

Hesabu ya muda: kaseti ya 60 ina dakika 30 kila upande, zote mbili zinaingia kwenye CD moja. Upande A ukiisha, bonyeza PAUSE, geuza kaseti, endelea. Upande B utaanza kama traki mpya. Kaseti ya 90 haiingii kwenye CD ya dakika 80, hivyo CD moja kwa kila upande. Kaseti nyingi huzidi kidogo ule muda ulioandikwa, kwa hiyo usipange mambo mpaka dakika ya mwisho. Angalia ni zipi ulizonazo kabla ya kununua CD, na uongeze mbili tatu za akiba.

Ukibonyeza STOP, kinasa kitaandika UPDATE au BUSY kwa muda mfupi. Kinaweka zile kumbukumbu za muda nilizozitaja. Usifungue trei, usizime. Kisha, kabla ya kufunga CD, isikilize humohumo kwenye trei ya kulia: mwanzo, mwisho, na sehemu zenye sauti kubwa. Kama kuna kosa, CD hiyo imekwenda lakini kaseti ipo, unaanza upya. Ukitaka kujaribu bila hasara, fanyia mazoezi ya viwango kwenye CD-RW. Pia usiwe mtu wa kuingiza na kutoa CD ileile kila unaporekodi kipande. Kila mara kabla ya kuandika, kinasa huwasha leza kwenye eneo dogo la majaribio ili kupima nguvu inayofaa kwa diski hiyo, ndiyo ile OPC unayoiona kwenye kioo, na eneo hilo lina nafasi 100 tu za kupimia.

Kunakili CD kwa CD hakuna mengi. CD yenyewe kushoto, tupu kulia, subiri zote zisomwe, bonyeza DUB au COPY, chagua kasi, chagua CD nzima au nyimbo ulizozipanga, thibitisha. Hapa AUTO iache iwake, kwa sababu alama za traki zinasafiri pamoja na sauti kidijitali. Kasi ya mara mbili au mara nne ni salama kwa CD safi. Kama ina mikwaruzo, nenda kasi ya kawaida: leza ya kushoto ikiruka, kazi ya kulia inakatika na CD-R imepotea. Mashine isitikiswe, na usiiweke juu ya spika.

Siku moja utaweka kushoto CD uliyoinakili mwenyewe, na kinasa kitagoma kuinakili tena. Si ubovu. Sheria ileile ya 1992 ililazimisha mashine za nyumbani ziwe na mfumo unaoitwa SCMS: nakala ya kwanza ya kidijitali kutoka CD ya dukani inaruhusiwa, nakala ya nakala hairuhusiwi. Alama imo ndani ya diski. Njia iliyoachwa wazi ni ya analogi. Piga CD kwenye deki nyingine, leta sauti kwa waya nyekundu na nyeupe, rekodi kama ulivyorekodi kaseti. Hasara ya sauti ipo, ila sikio la kawaida halitaisikia.

Kwa kaseti za mzee usigombane na alama hiyo, wala usizipige kaseti mara tano kwa sababu una ndugu watano. Zipige mara moja tu, upate CD moja safi kwa kila kaseti, uifunge. Ikishafungwa, kompyuta yoyote yenye trei ya CD itaisoma kama CD ya dukani, na kompyuta haiulizi mambo ya SCMS. Toa sauti kwa muundo wa WAV, usiobana sauti, si MP3, ihifadhi sehemu mbili tofauti, na nakala za ndugu uzirekodi hukohuko kwenye kompyuta. Kwa kazi hiyo CD za boksi kubwa zilizokataliwa na deki zinafaa kabisa, usizitupe.

Majina yaandike kwa kalamu laini ya wino, na ikiwezekana kwenye duara angavu la katikati. Tabaka lenye sauti liko chini tu ya upande wa maandishi, limefunikwa na rangi nyembamba, kwa hiyo mkwaruzo wa upande huo ni mbaya kuliko wa upande unaong'aa. Stika za karatasi usibandike. CD yenye stika ikizunguka haraka huyumba. Zile CD za kwanza ulizorekodi kwenye deki usizikabidhi kwa mtu wa kuziacha juu ya dashibodi ya gari, kwani rangi inayoshika sauti kwenye CD-R huharibiwa na jua na joto. Na kaseti zenyewe, hata baada ya haya yote, zirudishe kwenye maboksi yake na uziweke mbali na spika, kwa sababu ndani ya spika mna sumaku.